Penalti ya Mgeni Rasmi

Nchi ninayoisimulia sitaitaja. Wenyewe hawapendi kutajwa, na wewe msomaji usianze kunikazia macho kana kwamba unaijua. Huijui. Ni nchi ya mbali, ina bendera yake, ina wimbo wake, na ina serikali sikivu, ambayo kila siku inasikia, inaitika "naam," kisha inaendelea na ilichokuwa inafanya. Mimi huko nilikuwa mwalimu. Nilifundisha mwendo wa maji katika mabomba, kwenye Chuo cha Maji. Niliipenda kazi ile, na nadhani niliifanya vizuri, mpaka Serikali ilipoamua kuniboreshea.

Maboresho yalianza hivi. Mheshimiwa Bandamo, waziri wetu, alisafiri kwenda ng'ambo kujifunza jinsi vyuo vya wenzetu vinavyojiunga katika jumuiya za michezo. Huko aliambiwa kwamba mwanafunzi anasoma asubuhi, anacheza jioni, na asiyefanya vizuri darasani hapangwi kwenye timu. Vyuo vinashindana uwanjani na vinaheshimiana kwa elimu. Mheshimiwa alipelekwa viwanjani kila siku. Maktaba alionyeshwa kupitia dirisha la basi, wakati anawahi ndege ya kurudi. Akateremka nyumbani amevaa kofia ya michezo, akaita waandishi wa habari.

"Wenzetu," alisema, "wanafanya mambo mawili kwa wakati mmoja. Hiyo ni gharama. Sisi ni nchi inayoendelea. Tutafanya jambo moja, na tutaliita mawili."

Watu wakapiga makofi. Na mimi nilipiga, nisije nikaonekana sikupiga.

Ndivyo ilivyozaliwa Jumuiya ya Vyuo ya Elimu na Mashindano, kwa kifupi JUVEMA, yenye kaulimbiu "Kichwa na Mguu ni Kitu Kimoja." Mitihani ikafutwa, kwa sababu mtihani, kama ilivyofafanuliwa, ni mashindano yasiyo na watazamaji. Mahali pake ikawekwa ligi. Mwanafunzi akifunga bao anapata alama. Kipa akifungwa anapoteza alama. Na alama zenyewe zinahesabiwa kwa somo la chuo chenye uwanja. Ukifunga kwenye uwanja wa Chuo cha Sheria, umejua sheria. Ukifunga kwetu, umejua maji. Mantiki yake sikuielewa, nikaambiwa nihudhurie semina. Nikahudhuria, nikapewa chai, maandazi na begi la kuwekea makaratasi, nikaelewa.

Na matokeo yalionekana haraka, lazima niwe mkweli. Binti mmoja wa Chuo cha Uuguzi, mwenye mashuti ya kweli kweli, alitufunga mabao matatu nyumbani kwetu, akaondoka na uhandisi wa mabwawa. Leo ndiye anayesimamia bwawa kubwa la kaskazini. Likipata ufa, analifunga bendeji.

Madarasa yetu yakageuzwa vyumba vya kubadilishia nguo. Maktaba ikawa stoo ya mipira. Ubao wangu wa kuandikia ukang'olewa, ukapigiliwa pembeni ya uwanja kuwa kibao cha matokeo. Sisi walimu tukaitwa makocha. Timu zilichanganya wanaume na wanawake kwa sababu ya usawa wa kijinsia, na pia kwa sababu jezi zilikuwa seti moja.

*

Sasa nije kwa Siwema, maana yeye ndiye aliyenifanya nikasirike hivi.

Siwema Lukwaro alikuja chuoni na hamu ya kuwa mhandisi wa maji, na bahati mbaya ya urefu. Siku ya kwanza tu, Profesa Mgaya, mkuu wetu wa chuo, alimtazama kuanzia viatu mpaka kichwani akasema, "Huyu golini." Basi. Hakuulizwa anajua nini, hakuulizwa anapenda nini. Golini.

Akadaka, maskini. Alidaka mpaka vidole vikapinda. Lakini mabeki wake walikuwa vijana wa mwaka wa kwanza, adui akija wanampisha kama wako mlangoni kwa mkwe. Mwaka wake wa mwisho alifungwa, alama zikamwishia, akarudia mwaka. Akafungwa tena, akarudia tena. Na chuoni kwetu anayeshindwa mara ya tatu anadisko. Anafutwa, anabeba sanduku lake, na jina lake linabandikwa getini ili hata muuza mihogo alisome.

Kwa hiyo safari hii alihitaji kitu kimoja tu. Ilibaki mechi moja, dhidi ya Chuo cha Kilimo. Akimaliza bila kufungwa, amefaulu, ni mhandisi. Likiingia bao moja, hata la bahati mbaya, kwisha habari yake.

Na alikuwa anautaka uhandisi wenyewe, jamani, siyo cheti cha kutundika ukutani. Siku moja wakati wa mapumziko nilimkuta ameegemea mlingoti wa goli, glavu kazibana kwapani, amefungua kitabu changu cha zamani.

"Mwalimu, hapa sielewi," akaniambia. "Kwa nini bomba likiwa refu maji yanachoka?"

Nilifurahi mpaka nikaona aibu. Tangu JUVEMA iingie, hilo lilikuwa swali la kwanza kuulizwa na mwanafunzi, ukiacha maswali ya kuotea. Nikapiga goti, nikachora bomba kwenye mchanga kwa kidole. Sijafika hata kwenye kona ya kwanza, filimbi ikalia, akatakiwa aende akaruke. Nikamwambia tutaendelea kesho. Kesho yake kulikuwa na mazoezi ya kona, na keshokutwa semina ya faulo.

*

Halafu mechi ile ya Kilimo ikapangiwa mgeni rasmi. Hapo ndipo nguvu ziliponiishia.

Kwa wasioijua nchi ile: hakuna shughuli inayoanza bila mgeni rasmi. Choo kikijengwa sokoni, watu wanabana mikojo mpaka mgeni rasmi aje akizindue, na anakizindua kweli. Kwenye mpira, mgeni rasmi hufungua kwa kupiga penalti. Anavua koti, anaupiga mpira jinsi Mungu alivyomjalia, na kipa anajirusha upande mwingine. Ni adabu ya kawaida. Mpira unaingia, watu wanashangilia, mgeni rasmi anarudi kwenye kochi lake, mechi inaanza nunge kwa nunge. Hakuna aliyewahi kuumia.

Lakini JUVEMA ilikuwa na mashine. Mashine hiyo ya matokeo ilinunuliwa ng'ambo, na haikubali bao lisilo na mwenyewe. Mheshimiwa Bandamo alipofungua ligi kwenye Chuo cha Sheria, bao lake liliingia, na mashine ikadai jina la mfungaji na namba yake ya usajili. Karani angefanyaje? Aliogopa kuandika kwamba Mheshimiwa si mtu. Akamsajili kuwa mwanafunzi. Kisha akawaza kwamba bao la mgeni rasmi haliwezi kuwa na uzito sawa na la mtu wa hivi hivi, akalipa alama za shahada nzima.

Mheshimiwa alipoletewa shahada ya sheria alishangaa kwanza, akafurahi baadaye. Tangu siku hiyo hakukosa ufunguzi. Akaenda Uuguzi, bao, akawa muuguzi. Ualimu, bao. Famasia, bao. Chuo cha Ardhi, bao. Na kila bao lilipoingia, mashine ilimkata alama kipa aliyejirusha upande mwingine kwa heshima. Nchi nzima ilikuwa na makipa wanaorudia mwaka kwa sababu ya adabu njema, na hakuna hata mmoja aliyelalamika, kwa sababu hiyo hiyo.

Kwa Mheshimiwa ulibaki uhandisi. Alikuwa anautamani, kwa maana uchaguzi ulikuwa karibu na wananchi wanapenda kuahidiwa maji na mhandisi.

Profesa Mgaya akaniita ofisini.

"Mwalimu Lugome," alisema, "nimefanya utafiti. Mheshimiwa huwa anapiga upande wake wa kulia. Kwa uwanja wetu ni upande wa maktaba. Mwambie kipa wako ajirushe upande wa kantini."

"Profesa, likiingia, Siwema anadisko."

"Nalijua hilo."

"Kwa penalti ya ufunguzi? Mechi yenyewe itakuwa haijaanza!"

"Mwalimu, usiniletee siasa hapa. Tutampa cheti cha shukrani. Tena kitakuwa kwenye fremu."

"Fremu?"

"Ya kioo," akasema. "Siyo ya plastiki."

Nilitoka mle ndani. Nilitaka kurudi nimwambie kitu, nikafika mpaka mlangoni, nikakumbuka kwamba mimi mwenyewe natafuta kuthibitishwa kazini, nikaenda kumtafuta Siwema.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akacheka, kicheko kile cha mtu aliyeishiwa.

"Kwa hiyo nijirushe kantini, nidisko."

"Ndivyo walivyosema."

"Na wewe, Mwalimu, unasemaje?"

"Mimi nimetumwa tu, mwanangu."

"Haya," akasema. "Nimesikia." Akavaa glavu zake akaenda mazoezini. Laiti angenitukana.

*

Mechi ilitangazwa kuanza saa tatu asubuhi. Watu tulikuwa uwanjani tangu saa moja. Kila baada ya muda tuliambiwa kwamba mgeni rasmi yuko njiani, na ilikuwa kweli, maana alikuwa amefikia hoteli ya ng'ambo ya barabara, na waliokaa juu walimwona akinywa supu. Kikundi cha ngoma kilicheza nyimbo zake zote, kikaanza kurudia, mwishowe kikatuimbia za msibani. Alasiri ilipofika ndipo ving'ora vilipolia, msafara ukavuka barabara.

Mshereheshaji siku hiyo alikuwa Chande. Huyu bwana alikuwa na sifa moja iliyomfanya atafutwe nchi nzima: hajawahi kukosea cheo cha mtu. Alikaa bega kwa bega na karani wa mashine, na cheo kikibadilika kule, yeye anakitangaza hapo hapo.

"Tusimame!" akanguruma. "Anaingia mgeni rasmi wetu, Mheshimiwa Wakili, Muuguzi, Mwalimu, Mfamasia, Mpimaji Ardhi Bandamo! Itifaki imezingatiwa, tukae!"

Mheshimiwa akapewa maiki.

"Ndugu wanamichezo wasomi," akaanza, "zamani mtoto akikutwa na mpira aliambiwa, acha mchezo, kasome. Leo, kwa juhudi za Serikali yenu, mzazi akimkuta mtoto ameinamia kitabu anamwambia, acha mchezo! Haya ni mafanikio. Wapo wanaobeza. Wanauliza, vitabu viko wapi? Nawauliza na mimi, kuna nchi gani iliyowahi kuchukua kombe kwa vitabu?"

Jukwaa kuu likacheka mpaka likafuta machozi. Profesa Mgaya alicheka kabla ya sentensi kuisha. Mheshimiwa akavua koti, mlinzi akalipokea kwa mikono miwili. Alikuwa amevaa viatu vyake vya bungeni, vya soli ya ngozi, vinang'aa. Mpira ulikuwa umeshawekwa kwenye alama na mtu aliyepangusa hadi vumbi lake. Siwema akasimama golini. Mimi nilikuwa kwenye benchi.

Mheshimiwa akarudi nyuma, akaja mbio, mguu wa kushoto ukateleza. Mpira ukagonga kisigino, ukaacha safari ya maktaba, ukaanza kujikokota taratibu upande wa kantini. Na kantini alikuwepo nani? Siwema. Alishajirusha, kama alivyoagizwa, amelala pale chini amefumba macho akisubiri kudisko. Mpira ukaja wenyewe ukamgonga kifuani. Akaukumbatia.

Nasisitiza hapa, kwa sababu baadaye yalisemwa mengi. Yule binti alitii. Alikwenda pale pale alipotumwa.

Karani alibonyeza anachobonyeza. Chande akamwinamia, wakanong'onezana, akanyanyuka na maiki.

"Tangazo! Kwa mujibu wa kanuni za JUVEMA, penalti ikidakwa, kipa anaongezewa alama na mpigaji anapunguziwa. Kwa kuwa penalti ya mgeni rasmi ina uzito wa shahada nzima, Siwema Lukwaro amefaulu Uhandisi wa Maji! Na sasa tumshangilie mgeni rasmi wetu, Mheshimiwa..." Akatazama tena mashine. "Mheshimiwa Muuguzi, Mwalimu, Mfamasia, Mpimaji Ardhi Bandamo! Itifaki imezingatiwa."

Uwakili ulikuwa umeondoka.

Kanuni ile ilikuwepo tangu mwanzo. Hakuna aliyekuwa ameiona ikifanya kazi kwa mgeni rasmi, kwa sababu hakuna kipa aliyewahi kukosa adabu. Wanafunzi wakalipuka kwa kelele. Mheshimiwa akainua mkono.

"Irudiwe," akasema. "Upepo."

"Upepo!" refa akapuliza filimbi. Bendera ya taifa ilikuwa imening'inia kama kanga iliyoanikwa. Na sheria ilikuwa wazi: ikiingia ya pili, shahada inarudi kwa Mheshimiwa na Siwema anadisko palepale.

Profesa Mgaya alizunguka mbio nyuma ya goli. "Siwema, mwanangu," nilimsikia akibembeleza, "usihangaike. Kaa hapo hapo kantini. Lala kabisa, ujipumzikie."

Siwema akanitazama mimi. Nilikunja ngumi nikaibana pembeni ya paja, mahali Profesa haoni, nikamwonyesha.

Mheshimiwa akapiga, safari hii vizuri, mpira ukaelekea maktaba. Siwema akaruka. Sijawahi kuona mtu akiruka hivyo. Ulikuwa mruko wa mtu aliyerudishwa mwaka mara mbili, aliyeambiwa atapewa fremu. Akaupiga ngumi mpira ukaenda kutua kwenye ngoma.

"Tumshangilie Mheshimiwa Mwalimu, Mfamasia, Mpimaji Ardhi Bandamo!" Chande akatangaza.

"Irudiwe! Kipa amehema wakati napiga!"

Ikarudiwa. Siwema akadaka. Ualimu ukaenda. Ikarudiwa kwa sababu ya jua, ikarudiwa kwa sababu ya nyasi, ikarudiwa kwa sababu watazamaji walikuwa na mawazo mabaya. Walinzi walimfuata wakitaka kumtoa kwa heshima, akawasukuma. Alikuwa ameshaingiwa na kile kinachowaingia wacheza kamari: mtu ameliwa suruali, anaweka shati ili aikomboe suruali. Jasho lilimtiririka. "Lete mpira!" akapiga kelele. "Nasema lete mpira!"

"Tumshangilie Mheshimiwa Bandamo," akasema Chande. Basi, kavu hivyo hivyo. Nikaona waheshimiwa wengine pale jukwaa kuu wanasogeza makochi yao kidogo kidogo, wasionekane wamekaa naye karibu.

Mashine haikusimama. Ilipokosa shahada ikaanza kula vyeti vya sekondari. Hatimaye Chande akashika maiki kwa mikono miwili.

"Mheshimiwa, samahani. Mashine inauliza kama iendelee na darasa la saba."

"Iendelee!"

Akapiga kwa dole gumba. Siwema akauzuia kwa mguu, wala hakuinama.

Nilimwonea Chande huruma. Ungemwona anavyohangaika, anatazama mashine, anatazama uwanja, mtu wa itifaki asiyejua kudanganya. "Wapenzi wanamichezo," akasema polepole, "tumshangilie... Bandamo."

Kwa katiba ya nchi ile, waziri lazima awe anajua kusoma na kuandika. Kwa mashine ya nchi ile, aliyesimama pale mbele ya mpira hakujua. Akaenda kuchukua koti lake, akalivaa mwenyewe, na mkono mmoja ulimsumbua kuingia. Gari likaondoka bila king'ora.

Mechi haikuchezwa, kwa sababu haikufunguliwa, na wala hakuna aliyejali. Wanafunzi walimbeba Siwema juu juu wakazunguka naye chuo kizima wakiimba "Injinia! Injinia!" Nililia waziwazi, mimi mtu mzima na kipara changu.

*

Furaha ile ilidumu mpaka Jumatatu.

Saa mbili usiku wa kuamkia siku hiyo redio ilikuwa imeshatangaza kwamba Serikali sikivu imesikia. Ilibainika kwamba penalti zote za siku ile hazikuwa penalti, zilikuwa za kupima ubora wa uwanja. Kwa hiyo vyeti vyote vya Mheshimiwa vimerudi kwa mwenyewe. Kwa kuwa mipira yote ilielekezwa golini, nia ya kufunga imethibitika, na ametunukiwa uhandisi wa maji. Juu ya hapo ameongezewa udaktari wa heshima katika uvumilivu.

Na Siwema? Kama penalti hazikuwa penalti, basi hakudaka kitu. Na kama mechi haikuchezwa, hawezi kudai kwamba amemaliza mechi bila kufungwa. Alama zake ni sifuri. Amedisko. Asubuhi jina lake lilikuwa getini.

Nilikwenda kwa Profesa Mgaya, safari hii sikubisha hodi.

"Profesa, amedaka mipira yote!"

"Sawa, lakini mechi haikufunguliwa."

"Haikufunguliwa kwa sababu alidaka!"

"Unaona? Unakubali mwenyewe kwamba kosa ni lake." Akafungua droo, akanipa kitu kimefungwa kwenye gazeti. "Mpelekee hii. Cheti kimesitishwa, ila fremu ilishanunuliwa."

Nilichoka, ndugu msomaji. Sisemi kuchoka kwa mwili. Nilichoka na makofi, na semina, na watu wenye akili timamu wanaokutazama machoni wakakuambia maji yanapanda mlima kwa sababu waziri amesema. Ile fremu niliiacha juu ya meza yake. Ndio ushujaa wangu wote wa siku hiyo, na usinicheke.

*

Siwema alikuja kuniaga Jumamosi asubuhi. Alinikuta kwenye stoo ya mipira, najaza mipira upepo kwa pampu ya baiskeli. Sanduku lake akaliweka chini.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Ndio unaondoka?"

"Naondoka. Ila nina ombi moja. Nitungie mtihani."

Nikafikiri sikusikia vizuri. "Mtihani wa nini, Siwema? Wameshakufuta. Hautahesabiwa popote."

"Najua."

"Mashine haina hata mahali pa kuuweka."

"Mwalimu, nimesema najua." Sauti ikampanda, kwa mara ya kwanza tangu nimjue. "Wameniambia nimefeli. Wakaniambia nimefaulu. Wakaniambia nimefeli. Na miaka yote hiyo hakuna mtu aliyeniuliza hata swali moja la maji! Sitaki cheti chao. Nataka kujua kama najua."

Nikatafuta karatasi. Mkono ulikuwa mzito, maana tangu JUVEMA ianze nilikuwa sijatunga swali. Nikaandika maswali matano, ya kweli, yale niliyokuwa nikiwapa wanafunzi wangu wa zamani. Akakaa juu ya furushi la nyavu, akaweka karatasi juu ya goti, akaanza. Mimi nikatoka nje nisimsumbue. Nikajaribu kulijibu swali la tatu kichwani, nikakwama. Swali langu mwenyewe. Ikabidi nirudi ndani kwa kunyata, nichukue kitabu.

Aliandika mpaka adhuhuri. Akanikabidhi, akasimama pembeni yangu nikisahihisha. Kalamu nyekundu ilifika mahali ikataka kumwongezea. Hapa moja, pale mbili, nani angejua? Nikaukataza mkono.

"Thelathini na moja," nikamwambia.

"Kwa mia?"

"Kwa mia."

Akaichukua karatasi, akaipitia swali moja moja. Nilingoja alie. Hakulia.

"Hizi thelathini na moja, hakuna aliyenipa?"

"Hakuna. Ni zako zote."

"Na hizi sitini na tisa?"

Nilijaribu kumtazama nikashindwa.

"Hizo sikukufundisha," nikasema.

Nje spika zilianza kukoroma, kisha sauti ya Profesa Mgaya ikajaa uwanja mzima, ikiniita kwa jina na cheo changu cha kocha, mazoezi ya makipa yameanza, nifike haraka. Siwema akalisimamisha sanduku lake wima, likawa meza. Akaweka karatasi juu yake, akakaa.

"Basi tuanze na swali la kwanza," akasema.

Nikaenda nikafunga mlango kwa ndani.